Boksi la kwenda na kurudi: namna katoni inavyoweza kubeba mazao zaidi ya mara moja

Mama mmoja anayelima parachichi katika vilima vya Njombe alitupigia simu baada ya kipindi chetu cha masoko. Tulimwamkia, akaitikia marahaba haraka haraka, kisha akaingia moja kwa moja kwenye shida yake. Kila wiki hutuma maboksi 20 ya parachichi kwa mtoto wa dada yake aliyeko Dar es Salaam. Mzigo hupanda basi jioni na kufika asubuhi.

"Wanangu," alisema, "boksi nanunua kila wiki, na kila wiki linakufa. Likifika huko kijana analichana kwa kisu, basi, linakwenda kwenye taka. Siku nyingine linakufa hata kabla ya kufika, na parachichi zinafika uji. Hivi hakuna boksi la kwenda na kurudi, kama ilivyo chupa ya soda?"

Swali hilo si la mama huyu peke yake. Anayetuma mayai, mchicha, ndizi au asali kwa basi analijua. Muuza duka anayefungua katoni za sabuni na mafuta kila siku analijua pia. Boksi tunaliona kama kitu cha kupita tu, lakini lina bei, na bei hiyo hutoka mfukoni mwa mkulima kabla hajauza hata tunda moja.

Jibu ni kwamba yapo maboksi ya namna hiyo, na yamebuniwa kwa akili nyingi. Ili kuyaelewa, hebu kwanza tulifumue boksi la kawaida tuone lina nini ndani.

Bati ndani ya karatasi

Chukua kipande cha boksi kuukuu ulichonacho nyumbani ukichane polepole. Utaona karatasi tatu. Mbili ni bapa, moja nje na moja ndani. Katikati yake ipo ya tatu iliyokunjwa mawimbi mawimbi, kama migongo ya bati la nyumba. Siri yote ya boksi iko kwenye hiyo karatasi ya katikati.

Unajua mwenyewe kwamba bati lenye migongo huweza kukanyagwa na fundi bila kupinda ovyo, ilhali bati bapa la unene uleule hujikunja upesi. Karatasi nayo ni hivyo hivyo. Karatasi moja huwezi kuisimamisha wima ikabeba hata kikombe, lakini ukiikunja mawimbi na kuibana kwa gundi kati ya karatasi mbili bapa, inabeba mzigo wa kilo nyingi. Hewa iliyomo kati ya migongo nayo husaidia, kwa sababu mgongano unapotokea, mawimbi huupokea kabla haujafika kwenye tunda.

Ubunifu huu haukuanza na maboksi. Mwaka 1856, Waingereza wawili, Edward Healey na Edward Allen, walipata hataza ya karatasi ya mikunjo iliyotumika ndani ya kofia ndefu za wanaume, ili kofia zikae sawa na zinyonye jasho. Mwaka 1871, Albert Jones wa New York alipata hataza ya kutumia karatasi ya mawimbi kufungia chupa na vioo vya taa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1874, Oliver Long aliongeza karatasi bapa ya kuyashika mawimbi yasifunguke. Kuanzia hapo safari ya boksi tunalolijua leo ilikuwa imeanza.

Halafu ikatokea ajali ya kiwandani. Mwaka 1879, katika kiwanda cha Robert Gair huko Marekani, rula ya chuma iliyokusudiwa kukunja mifuko ya karatasi ilisogea kutoka mahali pake, ikaikata mifuko badala ya kuikunja. Wengine wangelalamikia hasara. Gair aliona kwamba mashine moja inaweza kukata na kukunja kwa pigo moja. Kwa njia hiyo aliweza kutengeneza maboksi yakiwa bapa, yakasafirishwa bapa, na mnunuzi akayasimamisha mwenyewe. Maboksi tunayonunua yakiwa yamelala kwenye bunda yana asili katika kosa hilo.

Kwa nini boksi hufa mapema

Ukilichunguza boksi lililotupwa jalalani, mara nyingi utaona kuta zake bado ni nzima. Halikufa kwa uchovu. Limeuawa, na wauaji wake ni watano.

Wa kwanza ni kisu. Aliyepokea mzigo hana muda, anachoma kisu katikati na kuchana. Mara nyingi kisu hicho hugusa na bidhaa iliyomo ndani.

Wa pili ni selotepu. Ukiibandua, inaondoka na ngozi ya juu ya karatasi. Pale ilipobanduka, ukuta wa boksi umedhoofika.

Wa tatu ni maji. Karatasi hunywa unyevu hata kama mvua hainyeshi. Katika hewa yenye unyevu mwingi, boksi linaweza kupoteza nusu ya nguvu zake au zaidi. Ndiyo maana boksi lililokuwa gumu nyanda za juu linafika pwani limelegea, na la chini kabisa ndilo la kwanza kukaa chini.

Wa nne ni upangaji mbaya. Nguvu za boksi ziko zaidi kwenye pembe zake nne, si katikati ya kuta. Ukipanga boksi juu ya boksi pembe kwa pembe, uzito unashuka kama kwenye nguzo za nyumba. Ukiyapanga kwa kupishana kama matofali, pembe ya boksi la juu inakaa katikati ya ukuta wa boksi la chini, mahali pasipo na nguzo. Ukuta unabonyea, na lililomo ndani linabonyea nao.

Wa tano ni anwani ya zamani. Boksi lenye jina la mtu mwingine, namba ya simu ya mtu mwingine na alama za bidhaa nyingine huleta utata stendi. Mtu huona ni afadhali alitupe anunue jipya.

Kwa hiyo, mbunifu anayetaka boksi lirudi ana kazi tano: lifunguke bila kisu, lifungike bila selotepu, livumilie unyevu, libebe mzigo kwenye pembe, na likubali kuandikwa upya. Ipo na kazi ya sita, ambayo wengi huisahau: likiwa tupu, lisichukue nafasi. Hii tutaifikia, maana ndiyo inayoamua kama mkulima atapata faida au hasara.

Boksi la ndizi

Mfano wetu wa kwanza umetokana na ugonjwa wa migomba. Hadi katikati ya karne iliyopita, ndizi nyingi zilizouzwa Ulaya na Marekani zilikuwa za aina ya Gros Michel. Zilikuwa na ganda gumu, zikasafirishwa melini mikungu mizima bila boksi. Kisha ugonjwa wa mnyauko wa Panama, unaosababishwa na kuvu aishiye kwenye udongo, ukaangamiza mashamba ya Amerika ya Kati. Kampuni zikahamia aina ya Cavendish, ambayo ilihimili ugonjwa huo lakini ilichubuka upesi. Mkungu mtupu haukufaa tena. Kuanzia miaka ya 1960, ndizi zikaanza kukatwa vichana shambani kulekule na kupangwa kwenye maboksi.

Boksi hilo ni la vipande viwili. Kuna sehemu ya chini, na kuna kifuniko kirefu kinachoshuka na kuifunika karibu yote, kama sufuria kubwa iliyofunikwa juu ya ndogo. Kuta zinakuwa mbili mbili, kwa hiyo pembe zina nguvu maradufu. Lina matundu ya kupitisha hewa na matundu ya kushikia pande mbili. Hubeba ndizi za kilo 18 hivi. Halihitaji kisu wala selotepu. Unainua kifuniko, basi.

Waliolibuni walitaka lisafiri mara moja tu. Lakini huko Ulaya, ndizi zikishauzwa dukani, watu huyagombania maboksi hayo. Wanaohama nyumba huyaomba, wauza vitabu vya mitumba huyatumia, na vikundi vinavyogawa chakula kwa wasiojiweza huyapanga kwenye maghala yao. Boksi lililo imara, linalofunguka bila kuchanwa na lenye mahali pa kushikia hutumika tena hata kama hakuna aliyeamuru litumike tena.

Kasoro yake ni moja. Pembe zake zimebandikwa kwa gundi, kwa hiyo halilali bapa kirahisi. Likiwa tupu linachukua nafasi ileile lililochukua likiwa limejaa.

Boksi la mafaili

Kwenye ofisi ya kijiji, shule au zahanati huenda umeona maboksi ya kuhifadhi mafaili, yenye kifuniko cha kutenganishwa na matundu ya kushikia. Ukoo wake ni wa zamani. Mwaka 1917 Harry Fellowes alianza kuuza maboksi ya namna hiyo huko Chicago, Marekani, ili benki zitunzie kumbukumbu zao. Hadi leo kampuni yenye jina lake ingali inayauza.

Angalia jinsi mengi yake yanavyosimama. Huletwa bapa. Unainua kuta, unakunja mbawa za pembeni kuelekea ndani, na ulimi wa karatasi unaingia kwenye tundu lake na kujifunga. Hakuna gundi, hakuna pini, hakuna selotepu. Ukimaliza kazi, unatoa ulimi na boksi linalala tena. Pale penye kubebea, karatasi imekunjwa mara mbili ili isichanike mkononi.

Funzo lake ni kwamba mkunjo unaweza kufanya kazi ya gundi. Viwanda vya maboksi hutumia funzo hilohilo kwenye kitako: mbawa nne za chini hukatwa kwa namna ambayo zikiingizwa kwa mpangilio zinakumbatiana, na kadiri mzigo unavyozilemea ndivyo zinavyobanana zaidi.

Wanafunzi wawili na boksi linalogeuzwa

Mwaka 2013, wanafunzi wawili wa uhandisi katika chuo cha Cooper Union huko New York, Henry Wang na Chris Curro, walionyesha boksi waliloliita Rapid Packing Container. Limetokana na karatasi moja iliyokatwa kwa umbo maalumu. Unaisukuma karatasi hiyo kwenye kifaa cha kuikunjia, kuta zinapanda zenyewe, na kwa sekunde chache boksi limesimama. Halitumii selotepu. Kulifungua, unabonyeza juu kwa mkono na mbawa zinaachia.

Jambo lililotuvutia zaidi ni la mwisho. Likishafunguka na kulala bapa, unaweza kuligeuza, upande wa ndani ukawa wa nje, na kulisimamisha upya. Anwani ya zamani na alama zote zimejificha ndani, na nje kuna karatasi safi ya kuandikia. Wale wauaji watatu, kisu, selotepu na anwani, wamepatiwa jibu kwa mkunjo mmoja.

Mtu atauliza, kama ni rahisi hivyo, kwa nini maboksi yote si ya namna hiyo? Sababu ni hesabu za kiwandani. Boksi la kawaida lenye mbawa nne juu na nne chini hukatwa kutoka kipande kimoja cha mstatili, na mabaki ni machache sana. Mashine zilizopo hutengeneza maelfu yake bila kusimama. Boksi lenye ndimi na matundu huhitaji umbo maalumu la kukatia, na mara nyingi karatasi zaidi. Kwa safari moja, boksi la kawaida ndilo rahisi. Boksi la kurudi hulipa pale tu linaporudi kweli.

Wabunifu wengine hawasubiri lirudi. Wanalipa kazi nyingine kulekule lilikofika. Mwaka 2020, kampuni ya Samsung ilianza kuchapa nukta kwenye maboksi ya baadhi ya televisheni zake, ili mnunuzi akate kwa kufuata nukta hizo na kupata kijisanduku cha kuwekea magazeti au kibanda cha paka. Nchini India, shirika la Aarambh la Mumbai lilichukua maboksi yaliyotupwa na kuyakata kwa umbo maalumu, likatengeneza mkoba wa shule ambao darasani hufunguliwa na kuwa kimeza kifupi cha kuandikia, kwa ajili ya watoto wanaosoma wakiwa wamekaa sakafuni. Kenya nako, Jon Bøhmer alibuni jiko la jua la maboksi mawili, moja ndani ya jingine, akaliita Kyoto Box. Mwaka 2009 lilishinda tuzo ya dunia ya ubunifu wa kukabili mabadiliko ya tabianchi.

Hesabu ya kurudi

Turudi kwa mama wa Njombe. Bei hutofautiana mahali na mahali, kwa hiyo tutumie namba za mfano tu, nawe uweke zako.

Tuseme boksi la kawaida ni shilingi 2,000 na hutumika mara moja. Kila safari imekula shilingi 2,000. Sasa tuseme boksi imara zaidi, lenye kitako cha kujifunga na linalolala bapa, ni shilingi 3,000, nalo husafiri mara 5. Ili lisafiri mara 5 ni lazima lirudi mara 4. Yakiwa yamelala na kufungwa bunda la 10, tuseme basi linatoza shilingi 3,000 kwa bunda, yaani 300 kwa boksi. Jumla ni 3,000 kuongeza 1,200, ni 4,200. Gawa kwa safari 5, ni shilingi 840 kwa safari. Mama ameokoa shilingi 1,160 kwa kila boksi. Kwa maboksi 20 ni shilingi 23,200 kila wiki. Hiyo ni ada ya shule, au dawa ya kunyunyizia.

Lakini boksi lilelile kama halilali bapa, na basi likatoza shilingi 2,000 kulirudisha moja moja, hesabu inageuka. Shilingi 3,000 kuongeza 8,000 ni 11,000. Gawa kwa 5, ni 2,200. Hapo ni heri boksi jipya. Ndiyo maana tulisema kazi ya sita ndiyo inayoamua. Kabla ya kununua boksi la kurudi, lilaze chini kwanza uone. Lisipolala, usilinunue kwa safari ndefu.

La pili ni uaminifu. Soda ilifanikiwa kwa sababu chupa ina amana: usipoirudisha, unailipia. Marekani, kampuni ya U-Haul inayokodisha magari ya kuhamia nyumba huweka kwenye vituo vyake sehemu ya maboksi yaliyotumika, mwenye nayo anaacha na mwenye shida anachukua. Kijijini si lazima kuwe na kampuni. Andika namba kwenye kila boksi, 1 hadi 20. Mweleze anayepokea kwamba asiyerudisha boksi atakatwa bei yake kwenye mauzo. Mkubaliane siku ya kurudisha, na awe anakupigia picha ya bunda kwa simu kabla halijapanda basi. Wakulima wanaotuma mzigo kwa basi moja wakiungana, bunda linakuwa kubwa na nauli ya kila boksi inashuka.

Unachoweza kufanya leo kwa boksi ulilonalo

Si lazima ungoje boksi la kisasa. Kwa boksi la kawaida lililotoka dukani, hatua hizi zinaliongezea maisha:

1. Chagua lenye ukuta mzima. Bonyeza pembe zake kwa vidole. Kama ni laini au ina kovu la kukunjika, pembe hiyo imekwisha, na boksi hilo lifae kazi nyingine. Angalia pia mawimbi ya ndani. Yawe yamesimama wima, kutoka chini kwenda juu, si kulala.

2. Imarisha pembe. Kata vipande vinne vya katoni, urefu wake uwe sawa na kimo cha boksi na mawimbi yawe wima. Vikunje katikati vipate umbo la pembe, uvisimamishe kwenye pembe nne ndani. Hizo ndizo nguzo zako.

3. Imarisha kitako. Tandika kipande bapa cha katoni chini, kabla ya kupanga mazao. Kupishanisha mbawa nne, kila moja juu ya mwenzake na ya mwisho ikiingia chini ya ya kwanza, kunafaa kwa kufungia juu. Kwa kitako chenye mzigo mzito hakutoshi.

4. Funga kwa kamba, si kwa selotepu. Kamba ya katani au ya mpira wa ndani wa baiskeli, izungushwe msalaba, inafunguliwa bila kuchana kitu. Weka kipande cha katoni pale kamba inapopita ukingoni ili isikate.

5. Lipe anwani inayoondoka. Andika jina na simu kwenye karatasi, uifunge kwenye kamba kama hirizi. Boksi lenyewe libaki na namba yako tu.

6. Kama nje pamejaa maandishi, ligeuze. Tafuta ubavuni mahali pale ukuta ulipobandikwa. Pabandue taratibu, lipindue boksi upande wa ndani uwe nje, kisha bandika upya kwa gundi ya mbao na uache ikauke usiku mzima chini ya kitu kizito.

7. Matundu yawe kwa kiasi. Mazao yanahitaji kupumua, lakini kila tundu linapunguza nguvu. Toboa katikati ya ukuta, kamwe usitoboe karibu na pembe.

8. Panga pembe kwa pembe, mizito chini. Mwombe kondakta asiweke boksi mahali penye maji, na wewe mwenyewe usiliache juu ya udongo. Weka mbao au mawe chini yake.

9. Hifadhi yakiwa bapa, ndani, juu ya kichanja. Mchwa hupenda katoni kama mbuzi apendavyo majani ya maharage, na mende nao hutaga kwenye mawimbi.

Pale ambapo boksi lisirudi

Hapa tunaomba usome kwa makini, kwa sababu kutumia tena si jambo jema kila mahali.

La kwanza ni boksi la vifaranga. Boksi la vifaranga 100 kwa kawaida lina vyumba 4 vya vifaranga 25, na matundu kila upande. Ni imara, na linavutia kulitumia tena. Usilitumie kuchukulia vifaranga wengine, wala usimwazime jirani. Kinyesi na manyoya yaliyobaki humo yanaweza kubeba virusi vya mdondo, ambao wengine huuita kideri, pamoja na magonjwa mengine ya kuku. Karatasi haioshiki ikatakata. Boksi moja la kuazima linaweza kumaliza kuku wa mtaa mzima. Likishatoa vifaranga, lichome. Trei za mayai za karatasi nazo zisizunguke kutoka banda hadi banda. Trei za plastiki angalau zinaoshwa na kutiwa dawa.

La pili ni boksi lililobeba sumu za wadudu, mbolea, betri au mafuta ya mashine. Hilo lisiguse chakula, hata kama halinuki. Karatasi hunywa, na kilichonywewa hakionekani.

La tatu ni boksi lililolowa. Hata likikauka, gundi iliyoshika mawimbi imelegea na ukungu umeingia. Lirudishe shambani. Ukiondoa selotepu, pini na sehemu zenye rangi ya kung'aa, katoni hulainika na kuwa mboji, au hutandazwa chini ya miche kuzuia magugu.

Na boksi likimaliza safari zake zote, bado halijafa kabisa. Viwanda vya karatasi hununua katoni kuukuu, huzisaga na maji zikawa rojo, na kutengeneza karatasi mpya. Nyuzi za karatasi hufupika kila zinaposagwa, kwa hiyo kazi hiyo nayo ina mwisho, na hula maji na umeme. Ndiyo maana kulirudisha boksi likiwa boksi ni bora kuliko kulisaga mapema. Hilo limekuwa na uzito zaidi tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, Rwanda mwaka 2008, Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019. Karatasi imepewa kazi nyingi zaidi, na karatasi ni miti.

Tulimpigia mama wa Njombe tukamsomea hesabu yake. Alinyamaza kidogo, tukasikia kuku nyuma yake. Kisha akasema, "Basi nitaanza na matano. Nitayaandika namba. Yakirudi matano, wiki inayofuata yatakwenda kumi. Na huyo kijana nitampigia leo hii, kisu akakatie nyanya."

Nasi tunaona hiyo ndiyo njia. Anza na machache, yahesabu yakiondoka, yahesabu yakirudi. Ukiona namna nyingine ya kulifunga au kulikunja boksi kijijini kwenu ambayo hatukuitaja hapa, tupigie wakati wa kipindi cha masoko uwaeleze wasikilizaji wenzako.